Kichujio Kisichotaka Mafuta ya Muhamadi

Jumapili, 1 Julai 1956
Busasamana, nyumbani kwa Mama. Nilifika jana nikiwa mweusi kama mkaa. Kiangazi kimeanza, barabara yote ni vumbi la volkeno, na kichujio cha hewa cha gari langu kimeanguka njiani. Kilikuwa na kutu tangu siku za yule Mgiriki aliyeniuzia. Sasa injini inameza vumbi moja kwa moja. Na Jumamosi ndilo gari litakalompeleka dada yangu Mukankusi kanisani Gisenyi! Misa saa tatu. Padri ametangaza kwamba bibi harusi atakayechelewa atarudi kwao akangoje wiki nyingine. Nimeahidi mbele ya shangazi wote.

Asubuhi tulikula maharagwe. Mama alikwangua mawese kwa kijiko, yalikuwa magumu kama sabuni. Baridi ya huku! Kisha alinionyesha vikapu viwili vya agaseke alivyosuka kwa ajili ya harusi, vyenye vifuniko vilivyochongoka. Vimesukwa kwa kubana hata punje ya ulezi haipenyi. Nilivitazama kwa muda mrefu.

Jumatatu, 2 Julai
Gisenyi. Siku nzima ghalani nikiandika magunia ya kahawa, lakini akili ilikuwa kwenye injini. Jioni mchoro umekamilika, pamoja na vipimo vyote. Kopo la maziwa ya unga. Tundu moja la kuingiza hewa, moja la kuipeleka kwenye kabureta. Katikati, kifuniko cha agaseke kilicholoweshwa mafuta. Hewa inapita, vumbi linanasa. Ulaya hutengeneza hivyo hivyo, ila bila agaseke.

Kifuniko nimekiazima kwa Mama. Bado hajui.

Jumatano, 4 Julai
Nimetukanwa! Nilikwenda mtaa wa Mbugangari kutafuta mpira wa kuunganisha kopo na kabureta. Nikakutana na Muhamadi, mwenye lori, yule ambaye familia yangu (bila kuniuliza) imemkodi kubeba shangazi na mitungi ya pombe, ingawa yeye mwenyewe haonji hata tone. Akauchukua mchoro wangu, akautazama juu chini. Akasema, bon, karani, si mbaya, weka tu mafuta ya motere ndani, mi niko nayo, chukua bure.

Bure! Kana kwamba mimi ni ombaomba. Ili Jumamosi awaambie watu wote kwamba gari la karani linatembea kwa mafuta yake. Nilimshukuru kwa adabu nikaondoka. Mafuta yake ya injini ni meusi na yananuka. Sokoni Goma nimepata mawese safi, mekundu, yanayong'aa. Mafuta ni mafuta.

Alhamisi, 5 Julai
Ushindi! Nimejaribu saa saba mchana kando ya ziwa, jua likiwa kali. Injini imenguruma vizuri kuliko siku niliyoinunua. Nimezunguka hoteli mara tatu. Muhamadi alipita, akapaza sauti kwamba moshi wangu unatia njaa. Wivu mtupu.

Ijumaa, 6 Julai
Busasamana. Nyumba nzima inagombana. Agaseke moja haina kifuniko! Mama anamshuku jirani yetu Nyirabahire, eti binti yake alikuwa anamtaka huyo huyo bwana harusi. Nyirabahire ameapa kwa Bikira Maria, amelia, ameondoka na maziwa aliyokuwa ameyaleta. Nilitaka kusema kitu. Lakini mvumbuzi haelezi kazi yake kabla haijathibitishwa.

Gari limelala uani. Baridi inauma masikio.

Jumamosi, 7 Julai
Siku ya aibu. Si aibu yangu.

Saa moja asubuhi Mukankusi aliingia garini na shela yake. Shangazi wakapiga vigelegele. Nikawasha. Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Nikarudia. Ikazima. Mara ya tisa vigelegele vikakoma. Mukankusi akaniuliza taratibu kama Padri alisema wiki nyingine au mwezi mwingine. Nikamwambia anyamaze, nafanya kazi. Akaanza kulia.

Muhamadi akashuka kutoka kwenye lori. Hakuna aliyemwita! Akafungua boneti, akang'oa kopo, akaingiza vidole. Mawese yalikuwa yameganda ndani yote, hewa haina pa kupita. Akauliza mbele ya ukoo mzima: "We karani, ulikuwa unapika sombe humu?"

Sombe, majani ya muhogo yanayopikwa kwa mawese! Wakacheka wote, hata watu wa upande wa bwana harusi. Kisha akavuta, kikatoka kifuniko cha agaseke, chekundu, kikidondokea shati langu jeupe.

Mama alikitambua. Akakichukua, akaenda moja kwa moja kwa Nyirabahire, akapiga magoti mlangoni. Mama yangu! Kwa sababu ya jambo la kitaalamu!

Mukankusi aliteremka hadi Gisenyi ndani ya lori, katikati ya mitungi ya pombe, shangazi wamemshika pande mbili. Walifika Padri akiwa tayari mlangoni. Mimi nilifika misa imekwisha, gari likienda bila kichujio chochote, kitambaa cha Muhamadi kimefungwa kwenye kabureta.

Jumapili, 8 Julai
Mukankusi amenisamehe. Mama bado. Muhamadi ameacha chupa ya mafuta ya motere mlangoni kwangu, na salamu. Anaendelea kunidhihaki! Nimempa mlinzi wa ghala atie kwenye bawaba.

Nimechunguza tatizo kwa utulivu. Mchoro hauna kosa. Kopo halina kosa. Kosa ni la mawese, mafuta ya nchi ya joto. Huku milimani panahitajika mafuta ya huku huku. Nimeagiza samli ya ng'ombe, nzito, ya zamani.

Imebaki agaseke moja yenye kifuniko, na Mukankusi amekwenda nayo kwa mumewe. Nitakwenda kumtembelea Mukankusi Jumapili ijayo, na kopo jipya.