Ombi la Kurudishiwa Mume wa Kabla ya Chungu

Kwa Wifi yangu mheshimiwa, Mwalimu Mkuu mstaafu, mkubwa wa ukoo na mtoaji wa zawadi zisizoombwa.

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na magoti yako yametulia.

KUHUSU: CHUNGU CHA UMEME ULICHOMLETEA MDOGO WAKO

Nilipokupigia simu juzi kukueleza habari hizi ulinikatiza. Ulisema malalamiko ya mdomo ni umbea, na mwenye jambo la maana huliandika, hulipanga kwa namba na huweka sahihi. Basi nimeacha gauni la watu kwenye cherehani, nimekaa kitako, naandika. Namba nimeweka. Zikichanganyika usinisahihishe kwa wino mwekundu, maana mimi si mwanafunzi wako. Mimi ni mke wa mdogo wako, na mitihani yake ni migumu kuliko yote uliyowahi kutunga.

Nianze kwa kukukumbusha mume niliyekuwa naye. Mdogo wako alilinda geti la kiwanda cha magodoro tangu ujana mpaka nywele zikawa nyeupe. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na wakamruhusu aondoke na koti lake la kazi. Kuanzia hapo akawa mume wa mfano. Akiamka anavaa koti, anafunga vifungo mpaka shingoni, anakaa kwenye kiti cha dirishani na kutazama barabara hadi giza liingie. Hana usumbufu. Ukimwekea chakula anakula, usipomwekea haulizi. Neno lake lilikuwa moja tu, "Sawa." Chai imepoa? Sawa. Bomba limepasuka, maji yamefika sebuleni? Sawa. Binti yetu anasema safari hii pia hatakuja? Sawa. Wanawake wenzangu wana waume wanaokosoa chumvi na kutaka kujua umetoka wapi na ulikuwa na nani. Mimi nilikuwa na samani inayopumua.

Ndipo ukaja wewe kututembelea, ukamwona pale dirishani, ukatikisa kichwa. Safari iliyofuata ukashuka na boksi. Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Katika mgawanyo huo kinyemi kimekwenda kwa mdogo wako, na mimi nimeachiwa kidonda. Madhara yake ni haya yafuatayo.

1. Chungu kinapika polepole. Najua unalijua hilo, limeandikwa kwenye boksi, lakini sidhani kama ulilifikiria. Tangu dunia iumbwe binadamu anahangaika chakula kiive upesi. Mama zetu walipuliza moto mpaka macho yakawa mekundu. Ninayo sufuria ya presha inayolainisha nyama kabla sijamaliza kukunja pindo la sketi. Halafu akatokea msomi mmoja, akakaa chini, akatengeneza mashine ya kuchelewa, na wewe ukaipenda. Nyama inaingia asubuhi na mapema, inatoka jua likiwa limechoka. Nikiuliza tutakula lini, mdogo wako ananiambia haraka haraka haina baraka. Methali hiyo hiyo ndiyo aliyoitumia alipokuwa anachelewa kunioa.

2. Chungu amekifanya geti. Ameweka stuli kando yake na hapo ndipo anaposhinda. Sheria ni moja, kifuniko hakifunguliwi, kwa sababu ukikifungua joto linatoka na nyama inaanza safari upya. Sheria hiyo nayo imeandikwa kwenye boksi, lakini wengine huisoma wakaendelea na maisha yao. Yeye huilalia na kuiamkia. Nikiingia jikoni kuchota maji ya kunywa, jikoni kwangu, na kikombe changu mkononi, ananyanyuka na kuniuliza, "Shida yako nini, mama?"

Siku moja alipokwenda kuoga nilinyanyua kifuniko. Upenyo tu, kiasi cha kupitisha pua. Aliporudi akaona matone ya mvuke kwenye kioo yameteremkia upande mmoja, akafungua uchunguzi. Nilihojiwa mimi, akahojiwa fundi viatu wa jirani aliyekuwa amekuja kuomba sukari, na nina hakika paka naye angehojiwa kama asingeruka dirishani. Hukumu ikawa mimi nikae sebuleni mpaka jioni. Na koti lake la kazi, wifi, koti zima lisilo na kiraka, amelitundika nyuma ya mlango linakula vumbi. Siku hizi anavaa aproni yangu ya maua.

3. Bucha. Muuza nyama yule nimemfundisha adabu kwa miaka. Alikuwa akiniona tu anaficha mifupa. Sasa mdogo wako anakwenda mwenyewe, tena kwa miguu, na anakataa steki anayowekewa mbele. Anataka nyama ya bega, yenye mishipa na mafuta, ile ambayo mimi humwambia muuzaji ampe mbwa wake. Anadai mishipa hiyo ikipewa muda inayeyuka na kuwa utamu. Wanabishana pale mpaka foleni inapinda kona, kisha wanacheka na kupeana mikono. Amejua ng'ombe kuliko ng'ombe anavyojijua. Mimi nikienda naulizwa kwanza, "Mzee hajambo?" halafu nafungiwa mifupa.

4. Jibini. Hapa nakuomba ukae kitako na wewe. Nyama ikishaiva haendi kuipakua kama watu. Anashika uma mbili, anaichambua mpaka inakuwa nyuzi, na mimi nyuzi nazijua, nyuzi ni kazi yangu, hazina haja ya kuliwa. Anapasua mkate katikati, anashindilia nyama na vitunguu vilivyolegea, kisha anapanga juu yake vipande vya jibini, yaani maziwa yaliyoharibiwa kwa makusudi. Anaweka kwenye kikaango chenye siagi, anakandamiza, anageuza, mpaka mkate unapiga kelele ukiukata na jibini inachuruzika pembeni. Ukiuma inavutika kama lastiki ya sketi ya shule. Mchuzi uliobaki chunguni anaugawa kwenye vikombe vyangu vya chai, vile vya wageni, ili watu wachovye. Vikombe hivyo sasa vinanukia kitunguu saumu hata nikivitilia maziwa. Mimi na jibini hatujawahi kuwa na uhusiano. Siku utakayosikia nimeonekana dukani nikinunua jibini, jua nimeshindwa maisha.

5. Kazi yangu inakufa. Soketi iliyo nzima ni ile ya kati ya jikoni na cherehani, na chungu ndicho kimeihodhi, hivyo napiga pasi ya mkaa kama bibi yangu. Hilo ningelimeza. Tatizo ni harufu. Inaanza kidogo kidogo asubuhi, inapanda, na ikifika mchana hakuna mtu anayefikiri kingine. Mteja anakuja kupimwa blauzi, anasimama na futi shingoni, anauliza, "Fundi, hapa kuna nini?" Mdogo wako anatokea na aproni yake na kumwambia avumilie, mvumilivu hula mbivu. Anavumilia. Anakaa kwenye kochi hadi jioni, anakula mbili, anaomba ya kubeba. Kiuno nilichokipima sicho anachoondoka nacho. Nimefungua mishono ya watu mpaka sindano zimekuwa butu, na bibi harusi mmoja aliniambia kwamba mkwe wake mtarajiwa alilinusa gauni, akauliza nani kapika.

6. Hili ni la tatu, nimelisahau kule juu. Kwa sababu ya bucha kumjua, mtaa mzima umemjua. Yule muuguzi wa ghorofa ya juu, aliyekuwa akipita mlangoni petu bila hata salamu, sasa anabisha hodi akitoka zamu. Fundi viatu amehamisha benchi lake, kalisogeza chini ya dirisha letu, eti kuna kivuli. Kivuli hakipo. Nimekaa nyumba hii tangu nilipoolewa, na jua la upande ule nalijua.

7. Watoto. Binti yetu mkubwa kwa muda mrefu alikuwa akinieleza kwamba njia ni ndefu, watoto wanatapika garini, mume wake amechoka. Nadhani barabara imefupishwa. Anakuja kila Jumapili na familia nzima, pamoja na vyombo vitupu vyenye mifuniko. Viti havitoshi, wengine wanakaa kwenye marobota yangu ya vitambaa. Kitinda mimba naye, yule aliyekosana na baba yake alipokataa kazi ya getini, walikuwa hawasemezani kwa amani kabisa. Ukimya wao ulikuwa umekomaa, tumeuzoea sote. Jumapili iliyopita niliwakuta wamesimama bega kwa bega, kila mmoja na uma wake, wanachambua nyama na kubishana kama kitunguu kitangulie au kifuate. Walibishana kwa furaha. Nilitoka nikaenda kusimama uani, kwa sababu ya moshi, ingawa chungu hicho, kwa haki yake, hakitoi moshi.

8. Anaongea. Anaongea akiamka, anaongea akioga, tukilala ananieleza tofauti ya pilipili manga nzima na ya kusagwa. Anaimba pia, na sauti ya ukoo wenu unaijua. Juzi alicheka kwa jambo alilosema fundi viatu mpaka mkate ukampalia, nikampiga mgongoni, na mkono wangu bado unauma. Kibaya zaidi, akishakata sandwichi ya kwanza hampi mgeni. Anakiweka kipande kwenye sahani, anakileta mpaka kwenye cherehani, anasimama mbele yangu na aproni ya maua na kuniuliza, "Kikoje?" Wifi, mimi nimepika katika nyumba hii maisha yangu yote na sikumbuki kumsimamia mtu hivyo. Nililazimika kula kwa ajili ya ushahidi. Nilikula chote, ushahidi haukatwi nusu. Kisha nikamlipizia. Nikamwambia, "Sawa." Akacheka, akarudi jikoni anaimba.

Kutokana na hayo yote, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo:

(a) Uje Jumapili ijayo ukichukue chungu chako. Boksi lake nimelitunza, na yale maboya meupe yaliyokikinga ndani pia.

(b) Nirudishiwe mume wangu kama alivyokuwa kabla ya zawadi: kiti cha dirishani, koti limefungwa mpaka shingoni, neno moja. Nilikuwa nimemzoea.

(c) Umwandikie muuza nyama, kwa mwandiko wako ule wa ubaoni, umweleze mkubwa wa nyumba hii ni nani.

Nina imani utalitazama jambo hili kwa uzito wake, maana wewe ndiye uliyelianzisha.

Msalimie shemeji, mwambie suruali yake nimepunguza, na akija kwetu kula nitaiongeza tena. Wasalimie wanao, wajukuu, yule jirani yako mwenye kikohozi, na kuku wako waliobaki. Aliyekuuzia chungu nisalimie pia, mwambie natafuta kwake ni wapi.

Ni mimi wifi yako mtiifu kwa kadiri inavyowezekana,
Fundi Cherehani, mke wa Mlinzi.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha umeme ulikatika, kisha ukarudi kwa kishindo. Taa ya sebuleni ikapasuka na chungu kikatoa moshi, mara ya kwanza na ya mwisho. Fundi umeme amekuja, amekifungua kwa chini, amenusa, amekifunga tena, ameshindwa kumtazama mdogo wako usoni. Nyama ilikuwa bado mbichi katikati.

Hakulalamika. Alifuta meza, akaikunja aproni pande nne, akaiweka kwenye droo ya vitambaa vyangu. Halafu akaenda nyuma ya mlango akachukua koti, akalikung'uta vumbi. Yuko dirishani sasa hivi ninapoandika, vifungo mpaka shingoni. Nimemwambia nyama nitaimalizia kwenye sufuria ya presha. Nimemwambia binti kapiga simu, wamekwisha toka nyumbani kama kila Jumapili. Nimemgombeza, nimemwambia kwa makusudi kwamba steki ni bora kuliko bega. Mwisho nikamuuliza kama nimtilie chai.

"Sawa."

Kwa hiyo ombi langu la (b) limetekelezwa, wifi, lote kama nilivyoliandika, na silitaki. Barua siiandiki upya, kwa sababu kila nilichosema ni kweli na gauni la watu linanisubiri. Ila nakuomba utume chungu kingine kupitia kwa mtu yeyote anayekuja huku, asingoje Jumapili ijayo. Kifuniko kiwe cha kioo kama kile, aweze kuona ndani bila kufungua. Mimi natoka kidogo, nataka kuwahi duka kabla halijafungwa. Nakwenda kununua jibini.