Utakula, au Umeoa Redio?

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji kaingia dukani na simu inaimba. Ni kaka wa marehemu mke wangu, fundi saa wa mlango wa pili, mjuaji wa daraja la kwanza. Nimeacha cherehani nikamwonyesha kompyuta yangu: nyimbo 4,312, nilizozitoa kwenye kanda moja moja kwa mikono hii. Kacheka! Eti siku hizi hakuna anayehifadhi nyimbo, unajiunga na huduma ya mtandaoni, za dunia nzima zinakuja zenyewe. Eti najaza ndoo wakati bomba linatoka. Nikamwambia mabomba hukatika. Nimeumia, ila sikuonyesha.

Jumanne, 4 Machi

Wazo! Nitakuwa na ndoo na bomba. Nimejiunga na huduma ileile. Unapandisha nyimbo zako mwenyewe, inautambua kila mmoja na kukuwekea ulio safi zaidi. Shemeji atakoma.

Zikiwa zinapanda nimesikiliza wimbo namba 17. Niliurekodi redioni humu dukani, mwaka tuliooana. Kwenye ubeti wa pili cherehani inanguruma, mke wangu anaingia na kusema: "Utakula, au umeoa redio?" Halafu anacheka. Miaka sita sasa tangu atutoke. Wimbo wenyewe wa kawaida tu. Mimi nasubiri zile sekunde nne.

Jumatano, 5 Machi

Zimepanda zote. Nikafuta za kwenye kompyuta, nafasi tele! Kanda zilishaliwa na ukungu zamani.

Saa tano nikamwita shemeji nimringie. Nikafungua namba 17. Sauti safi. Safi mno. Ubeti wa pili ukaja, ukapita. Hakuna aliyeingia. Nimeurudisha mara tatu. Wameniwekea wimbo wao, wangu haupo! Nimemkatia mteja suruali mguu mmoja mfupi. Nimelia, nikasingizia vumbi la kitambaa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewaandikia wa huduma. Wamejibu kwa furaha kwamba toleo nililonalo sasa ni bora kuliko la awali. Nimeandika tena kwa herufi kubwa. Jibu lilelile, furaha ileile.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemeza kiburi, nikaenda kwa shemeji kuomba ushauri. Hakucheka. Akavuta droo ya saa mbovu, akatoa flashi. Kumbe wiki tuliyomzika dada yake aliinakili namba 17 kutoka kwenye kompyuta yangu bila ruhusa. Mwizi! Nikamkumbatia. Mtu wa bomba, kumbe naye ana ndoo yake kaificha mbali.

Tumesikiliza pamoja, hakuna aliyemtazama mwenzake. Kaniazima flashi kwa sharti moja: nisikilize tu, nisibadilishe kitu, nimrudishie Jumatatu atengeneze nakala, maana hiyo ndiyo pekee. Nimeapa.

Jumapili, 9 Machi

Nimeisikiliza mara arobaini. Ile cherehani inaifunika kidogo sauti ya mke wangu, inaniudhi. Lakini nimepata programu ya ajabu! Inasafisha rekodi za zamani, inaondoa kila sauti isiyo ya wimbo. Ndiyo hasa niliyokuwa naitafuta. Imeniuliza kama ifute faili la zamani. Nimebofya ndiyo. Mawili ya nini?

Kesho shemeji atamsikia dada yake vizuri kuliko siku zote. Imefika asilimia tisini na moja.