Visigino vya Kiajemi

Ijumaa, 1 Mei 1931
Mvua tangu alfajiri. Baada ya sala chama chetu cha beni, ngoma ya kucheza kwa gwaride kama askari, kimekaa kikao. Kingi wetu, kiongozi wa gwaride, amehamia Bagamoyo kwa mke mdogo, kiti kiko wazi, na mwisho wa mwezi tunakwenda Ruvu kushindana na beni ya huko. Jeshi haliwezi kuandamana bila Kingi. Tumejitokeza wawili. Mimi, Shomari, karani wa mizani katika duka la mbata, ninayejua kusoma, kuandika na kupiga saluti za namna tatu. Na Kibwana, tarishi wa boma, ambaye sifa yake ni moja tu: alipoumbwa alivutwa, na aliyekuwa anavuta akasahau kuacha.

Mzee Mashaka, mkuu wa chama, akasema kwa upole kwamba Kingi sharti aonekane hata akisimama nyuma ya ngoma. Watu wote wakanitazama. Kisha wakaitazama ngoma. Kisha wakanitazama tena. Uchaguzi umewekwa Ijumaa ya tarehe kumi na tano.

Wakati wa kutoka Kibwana akaniwekea mkono begani. Kunifariji, eti! Alikuwa anapumzisha mkono.

Jumamosi, 2 Mei
Furaha! Tajiri wangu amefungia wateja sukari kwa kurasa za gazeti la Kizungu, na katika ukurasa mmoja nimekuta picha. Mfalme wa Ulaya, wa zamani sana. Nywele hadi mabegani, soksi hadi magotini, mguu mmoja mbele kama mtu anayeuza miguu. Na chini ya viatu, visigino! Virefu! Vyekundu! Mwanamume huyo, tena mwenye upanga!

Nikampelekea Isihaka, aliyekuwa saisi wa farasi wa afisa mmoja enzi za Mjerumani. Isihaka hajui kusoma, lakini hajapata kusema kwamba kuna jambo asilolijua. Akaomba tumbaku kwanza. Kisha akasema visigino virefu ni vazi la wanaume tangu asili, na walioanza ni Waajemi, wapanda farasi. Kisigino hunasa kwenye kikuku cha kukanyagia, basi mpiganaji husimama juu ya farasi anayekimbia na kupiga mshale asianguke. Wazungu wakaona, wakaiga. Wafalme wao wakavaa hata pasipo farasi, ili ijulikane kwamba hawana kazi ya kuwatembeza mbali. Wanawake walikuja nyuma, wakiiga waume zao. Afisa wake mwenyewe ndiye aliyemsimulia.

Nikamwuliza kwa nini basi wanaume waliacha. Akasema tumbaku imekwisha.

Waajemi! Na babu wa babu yangu si alitoka Shirazi? Najua, kila mtu hapa babu wa babu yake alitoka Shirazi. Lakini wangu alitoka kweli. Kwa hiyo siigi mtu. Nadai urithi wangu.

Jumatatu, 4 Mei
Nimekwenda kwa Abeid mshona viatu. Mpango wangu una akili nyingi kuliko Abeid anavyostahili kuelezwa, kwa hiyo sikumweleza. Sitarefuka kwa siku moja kama mjinga. Nitarefuka polepole. Wiki hii kisigino kifupi, wiki ijayo kirefu zaidi, na kanzu ndefu itafunika yote. Hakuna atakayejua. Watu watasema tu kwamba Shomari siku hizi amestawi.

Abeid aliuliza kama viatu ni vya mke wangu. Nikamjibu ni vya utafiti. Akaupima mguu wangu, akasema huo utafiti una kidole gumba kikubwa.

Siwema, mke wangu, ameuliza kwa nini kanzu mpya inafagia uwanja. Nikamwambia ndiyo mitindo. Akasema vizuri, basi nipite na upande wa jikoni.

Alhamisi, 7 Mei
Ushindi! Leo nimeuona utosi wa tajiri wangu. Ana upara katikati! Miaka yote hii nimefanya kazi chini ya mtu bila kujua ana upara.

Kupanda mlima si taabu. Kuteremka ndiko. Na Kisarawe yote ni miteremko, sijui aliyeuchagua mji huu alikuwa anafikiri nini. Nilipokuwa nashuka kutoka sokoni miguu ilikata shauri kuniacha. Nikampita Mzee Mashaka kwa mwendo ambao sikuukusudia, nikampa shikamoo, na marahaba yake ikanikuta chini kisimani.

Lakini aligeuka kunitazama. Ameona! Anajiuliza nimekuwaje mkubwa hivi!

Jumapili, 10 Mei
Siku mbaya. Sina hakika nataka kuiandika.

Mama mkwe, Bi Mwanamvua, amekuja kututembelea kutoka Mlandizi. Leo nilikuwa nimevaa jozi ya pili, ile ndefu. Nikasimama mlangoni nikampa shikamoo. Alinitazama kutoka chini kwenda juu, na safari hiyo ikamchukua muda kuliko alivyozoea. Kisha akamwita Siwema nyuma ya nyumba. Nilisikia kila neno, maana ukuta wetu ni wa miti na udongo, na Bi Mwanamvua hana sauti ya kunong'ona.

“Mwanangu, mtu mzima harefuki,” alisema. “Ukiona anarefuka, kinachorefuka si yeye.”

Kabla sijapata la kusema, mwalimu wa chuo cha Kurani kaitwa. Kaja na sahani ya kombe na kitabu. Majirani nao wamekuja, si kwa kuitwa. Nikaambiwa nikae mkekani nisomewe. Sasa, mtu hawezi kukanyaga mkeka na viatu. Nilitafuta njia. Nikasema naumwa mgongo, nitasomewa nimesimama. Bi Mwanamvua akasema ndiyo dalili yenyewe, hicho kitu hakitaki mkeka.

Nikavua. Nikashuka. Mwalimu alikuwa hajafungua kinywa bado, na mimi nimepungua mbele ya watu wote! Bi Mwanamvua akapiga kigelegele. Majirani wakasema alhamdulillahi. Mwalimu alishangaa kuliko wote, lakini si mtu wa kukataa heshima. Akafunga kitabu, akasema lilikuwa jini dogo, akaondoka na kuku wetu.

Ningeweza kuiacha hivyo. Kwa kweli ningeiacha hivyo! Lakini Siwema alikwenda kizingitini, akarudi ameshika viatu kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya. Akaviweka katikati ya mkeka.

Watoto wa mji mzima sasa wananiita Mchuchumio.

Jumanne, 12 Mei
Mtu mwingine angejificha. Mimi nimekwenda barazani kwa Mzee Mashaka, chama kizima kikiwapo, nikiwa nimevaa viatu waziwazi. Nikatoa hotuba. Nikawaeleza Waajemi, farasi, mishale. Nikawatembezea picha ya mfalme. Nikasema enyi watu wazima, mnayemcheka ni mimi au ni babu zenu wa Shirazi? Mwanamume aliyesimama chini kabisa, nikasema, ni mwanamume asiyejua historia yake!

Picha ikapita mkono kwa mkono. Kibwana aliitazama kwa muda mrefu, mdomo wazi, kama ng'ombe anayetazama gari moshi. Mzee Mashaka akauliza kama hao Waajemi walikuwa wanashinda vita. Nikasema daima. Sina hakika, lakini nao hawana.

Nilipotoka hakuna aliyecheka. Sijapata kuhutubia vizuri hivi. Kingi nimeshakuwa, bado kuapishwa tu.

Ijumaa, 15 Mei
Nilihutubia vizuri mno.

Nimefika kwenye uchaguzi na kuwakuta wote juu ya visigino. Wote! Wapiga ngoma, wapiga tarumbeta, hata Mzee Mashaka mwenye fimbo. Abeid alikuwa amefanya kazi siku tatu bila kupumzika, na amenishukuru mbele ya watu kwa kumletea riziki. Kibwana naye kavaa. Alikuwa mrefu, sasa ni hatari. Aliinama kuingia mlangoni, akainuka ndani, akagonga boriti.

Na mimi, katikati ya jeshi lililorefushwa na historia yangu mwenyewe, nimekuwa mfupi palepale nilipokuwa. Kwa kweli zaidi kidogo, maana visigino vyangu vimeanza kulika.

Kura zote kwa Kibwana. Moja kwangu, na niliipiga mimi. Kwa kunituliza wamenipa cheo kipya: Kepteni wa Viatu. Kazi yake ni kuvitunza viatu vya jeshi na kuving'arisha kabla ya safari. Kibwana alinipigia makofi kwa moyo safi. Ndicho kinachoniudhi zaidi kwake, moyo wake safi.

Jumatano, 27 Mei
Kepteni wa Viatu hukaa na viatu vyote nyumbani kwake. Hilo hawakulifikiria.

Nimeazima msumeno mdogo. Vya Kibwana peke yake. Nimevikata visigino kwa ndani hadi vimebaki vinashikiliwa na kipande chembamba kama ganda la kitunguu, nikaziba kwa nta, nikapaka rangi nyekundu juu. Huwezi kuona. Hatua ya kwanza mbele ya watu wa Ruvu, Kingi wetu ataanguka kama mnazi. Jeshi litahitaji Kingi mwingine papo hapo. Nitakuwa karibu.

Siwema aliniuliza ninakata nini. Nikasema kucha. Akatazama msumeno. Akaendelea kukuna nazi.

Jumamosi, 30 Mei
Ruvu. Naandika ndani ya gari moshi tukirudi Pugu, stesheni ya kushukia kwetu, miguu mitupu.

Uwanja wa mashindano uko bondeni, karibu na mto. Masika ndiyo kwanza imekatika. Udongo wa Ruvu ni mweusi, unateleza juu na hauna mwisho chini. Wenyeji walicheza kwanza, pekupeku, vizuri tu. Kisha tarumbeta yetu ikalia, nasi tukaingia. Watu walipiga kelele kwa mshangao! Jeshi zima juu ya visigino vyekundu, kama wafalme!

Kibwana akapiga hatua ya kwanza. Visigino vyake vikakatika, vyote viwili, kama nilivyopanga. Akayumba. Nikajiweka tayari.

Hakuanguka. Akavitazama viatu, akavitupa kando, akaendelea pekupeku.

Sisi tulipiga hatua ya pili, na hapo ndipo tulipobaki. Visigino viliingia topeni kama misumari. Jeshi zima likasimama, wengine mguu mmoja juu. Mzee Mashaka alizama taratibu, kwa heshima yake yote, akiwa amepiga saluti. Wapiga ngoma hawakuweza kusogea, lakini mikono ilikuwa huru, wakapiga. Na Kibwana akacheza. Uwanja mzima ulikuwa wake. Alicheza kwa ajili yetu sote, miguu ile mirefu ikiruka huku na huku, hadi watu wa Ruvu wenyewe wakawa wanaliimba jina lake. Waamuzi walisema hawajapata kuona jeshi linalotulia hivyo kumwachia Kingi wake nafasi. Wakatuzawadia beberu la mshindi.

Nilikuwa bado nimenasa. Ardhi ilikuwa imenifika magotini. Sijapata kuwa mfupi namna ile maishani.

Siwema, aliyekuja na wanawake wa chama, alikaza khanga, akaingia topeni, akanishika kwapani na kunivuta. Viatu vilibaki. Tulipofika kwenye majani akaanza kunifuta miguu, akasema bila kunitazama:

“Nilikuona mchana kweupe kabla sijakubali posa, Shomari. Nilijua ninachokichukua.”

Nikajifuta macho. Nadhani ni tope.

Na bado hayajaisha. Kibwana aliviokota viatu vyake akaona alama ya msumeno. Nikajua leo ndiyo leo. Akapanda juu ya sanduku, kana kwamba anahitaji sanduku, akaita watu wote. Akasema ushindi huu si wake. Akasema Kepteni wa Viatu alilijua tope la Ruvu, akamkatia Kingi wake visigino kwa siri ili aweze kucheza, na yeye mwenyewe akakubali kuzama na wenzake. Machozi yalimtoka! Watu wakanipigia makofi. Nikainamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa.

Mzee Mashaka, akikamua kanzu, aliuliza kama nililijua tope, kwa nini sikukata vya wote. Nikajifanya sisikii kwa sababu ya tarumbeta.

Jumatatu, 1 Juni
Nimefikiri sana juu ya maneno ya Siwema. Maneno mazuri. Karibu yaniliza. Kisha nikayafikiri vizuri: kumbe aliuona ufupi wangu! Tangu siku ya posa aliona! Na kama yeye aliona, basi kila mtu aliona.

Kosa nimelijua. Tulikuwa tunaongeza chini. Mtu mwenye akili huongeza juu. Leo tajiri kafungia chumvi kwa ukurasa mwingine, na humo kuna bwana mmoja amevaa kofia nyeusi, nyembamba, ndefu kama bomba la moshi la kiwanda. Watu wote pembeni yake wanaonekana watoto. Na kofia haizami!

Nimekwenda kwa fundi cherehani nikaagiza ndefu kuliko hiyo. Akaniuliza nitapitaje nayo mlangoni kwangu. Swali la kipumbavu. Kesho anakuja mwashi kubomoa sehemu ya juu ya mlango.

Siwema bado sijamwambia.