Bodi Kwanza, Kichwa Baadaye

Jumatatu, 3 Machi

Nanunua lori! Si pikapu kama ya watu fulani. Lori! La tani kumi, kichwa kirefu, na nyuma nitatengenezewa bodi ya wazi isiyo na kuta, ya kupakia marobota ya nyasi mpaka mbinguni.

Sasa habari za jioni, shajara. Nimetulia. Nimekunywa chai. Nilikuwa nimepika ya watu wawili tena. Sijui mkono huu utazoea lini.

Mpango ni huu. Gachoki wangu, mtoto wa kwanza na wa mwisho, yuko Timau, anaendesha mashine ya kuvuna ngano. Mashine kubwa kuliko kanisa letu hapa Kanja, nimeiona kwa picha. Meneja mwenyewe hawezi kuigusa bila kumuuliza! Huko Timau nyasi imejaa. Huku Embu ng'ombe wanalia. Nikiwa na lori, Gachoki atapakia kule na kushusha hapa. Kila wiki. Kila wiki atapitia kwa mama yake! Na Beverlyne mkewe atakaa mbele na mtoto Adrian, ambaye nimemshika mara moja tu, na alikuwa amelala.

Pesa ziko. Nimeuza mikaratusi yote aliyopanda marehemu baba Gachoki. Sasa upepo unaingia kwangu bila kubisha hodi, na boma la Ednah naliona lote.

Ednah ni jirani. Mama Kathuri. Huyo Kathuri wake huja Jumapili na pikapu, na honi anaanza kuipiga akiwa bado sokoni, ili Kanja nzima ijue amekuja kumwona mamake.

Gachoki wangu hupiga simu. Mum, uko sawa? Umekula? Haya, sawa. Basi! Tangazo la kifo kwa redio ni refu kuliko hiyo simu.

Jumatano, 5 Machi

Embu mjini, kwa Jamaldin muuza malori. Nimevaa suti ya kanisa.

Kumbe lori kabla ya kuwekewa bodi ni kitu cha aibu! Kichwa kizuri kimepakwa rangi, na nyuma yake vyuma viwili virefu kama ngazi iliyolazwa chini. Nikamwambia Jamaldin hili limevuliwa nguo. Akasema, "Mama, hiyo ndiyo chasisi. Nguo unajishonea mwenyewe unavyotaka."

Nikasema nataka kusikia honi. Akasema watu huanza na injini. Nikamwambia mimi si watu, mimi ni Mama Gachoki. Akaipiga. Njiwa wote wakahama paa la msikiti. Honi nzuri sana.

Halafu nikapima viti. Nikakaa kwa dereva. Nikakaa kiti cha mlangoni. Nikakaa katikati, goti likagongana na gia, lakini nimevumilia makubwa kuliko hayo. Watu watatu, na mtoto wa kupakatwa. Nitampakata mimi.

Nikalipiga picha lori hilo, jeupe, zuri, ili nimtumie Gachoki. Kidole kikasimama. Akiona lori zuri si atasema nunua, na maneno yaishe? Nikaifuta. Nikaenda nyuma kabisa ya yadi, nikapiga picha lile la kijani ambalo ndege wamejenga kiota kwa usukani. Nikaandika: NIMEPENDA HILI NALIPA KESHO.

Alipiga simu kabla sijafunga mkoba!

Jumatano! Katikati ya kazi! Mum, usilipe. Mum, umesikia, usitoe hata shilingi. Akauliza chasisi ni ndefu au fupi. Akauliza ni Isuzu ama Fuso. Nikamjibu ni kijani. Akasema atapiga jioni anieleze polepole.

Na jioni amepiga! Tumeongea mpaka ugali ukashika sufuria. Nimekula makoko na furaha.

Ijumaa, 7 Machi

Amepiga jana. Amepiga leo. Mimi sasa ni injinia.

Niulize! Lori la kubeba nyasi kutoka Timau linataka chasisi ndefu, kwa sababu nyasi ni nyepesi lakini inataka nafasi. Linataka magurudumu mawili mawili kila upande nyuma. Na ukipata mahali chuma cha chasisi kimechomelewa, ujue kilivunjika, kimbia.

Jana Gachoki alisema lazima mtu alale chini atazame. Leo nimelala chini. Suti ya kanisa na yote. Jamaldin akanishikia mkoba, akageuka upande mwingine kwa heshima. Nikasema kwa sauti nahesabu springi. Sikuhesabu. Nilikuwa nimempigia Gachoki simu nikiwa huko chini, nikamwambia naona chuma kinachofanana na nyoka. Akacheka! Mtoto huyu alikuwa anacheka hivyo akiwa mdogo, mpaka kwikwi inamshika. Ikamshika.

Jamaldin akauliza nimechagua? Nikamwambia pole pole, kijana wangu, lori si nyanya.

Kesho nitamtumia picha ya lingine baya.

Jumapili, 9 Machi

Nimesimama kanisani wakati wa matangazo. Nikasema Mungu amenikumbuka, tutakuwa na maombi ya lori, mbuzi yuko, tarehe nitawapa. Makofi! Mchungaji akauliza kama lori litaweza kubeba mabati ya kanisa. Nikasema litabeba hata kanisa.

Nje Ednah akanipa pongezi za midomo tu. Akauliza ni la rangi gani. Nikasema bado tunashauriana, mimi na Gachoki. Kila jioni, nikamwambia. Simu inapata moto mpaka naihamisha sikio. Akauliza, "Na anakuja lini mwenyewe?" Nikamwambia mtu anayeendesha mashine kubwa hivyo haachi tu ngano imesimama.

Kathuri akapiga honi getini kwao. Ednah akakimbia na viatu vya kanisa kwenye matope.

Jumatano, 12 Machi

Msiba. Gachoki amezunguka nyuma yangu!

Ametafuta namba ya Jamaldin, wameongea wenyewe wanaume. Amepiga akiwa na furaha. Mum, kuna jeupe hapo, chasisi ndefu, safi kabisa, mbona hukunionyesha? Lipa hilo. Halafu fundi akapime, akutengenezee bodi. Tumemaliza, Mum!

Tumemaliza. Alisema hivyo kwa furaha kabisa.

Nimemwambia asante, mwanangu. Nimepika chai.

Jumamosi, 15 Machi

Hakuna simu.

Chaji iko. Mtandao uko. Nimepiga ile namba ya kuangalia salio nijue kama simu inafanya kazi. Inafanya. Salio liko. Yule dada wa kampuni ana sauti nzuri, lakini ukimwambia habari yako hakujibu.

Nimechuma majani chai mpaka karibu na mpaka wa shamba. Kabla miti haijakatwa ningesema naongea na miti.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepata akili! Nimempigia Gachoki, nikalia kidogo. Nikamwambia lile jeupe limenunuliwa na mtu wa Ishiara, amelichukua mbele ya macho yangu. Akasema pole sana, Mum. Nikangoja aanze chasisi, springi, magurudumu. Akasema ngano imekauka, mvua iko karibu, wanavuna mpaka usiku. Nipe wiki mbili, Mum, halafu tutaongea.

Wiki mbili!

Basi lori litangoja. Lakini bodi haihitaji kungoja. Nimeenda sokoni kwa Runji, yule fundi wa kuchomelea. Nikamwambia anitengenezee bodi ya lori. Akauliza vipimo vya chasisi. Nikasema chasisi bado. Akasema, "Mama Gachoki, hata fundi wa suruali huuliza kiuno." Nikamwambia apime ukumbi wa kina mama pale kanisani, urefu na upana, kwa sababu siku ya maombi chama chao kizima kitakaa juu yake na viti vyao. Chini aweke mbao nene. Pembeni ndoano za kamba. Akanitazama sana. Lakini kazi ni kazi.

Gachoki akisikia kuna bodi na hakuna lori, si atapiga simu? Atapiga mpaka usiku!

Alhamisi, 20 Machi

Bodi imefika. Imevutwa na trekta. Nguzo moja ya geti imeenda nayo. Ua wa miiba upande wa barabara hauko tena. Wanaume wameishusha juu ya mawe, katikati ya boma, na sasa kutoka jikoni kwenda chooni lazima nizunguke kama mtu anayekwenda Runyenjes.

Ni nzuri! Imepakwa rangi ya samawati. Upande mmoja Runji ameandika GACHOKI NA MAMA kwa herufi kubwa. Nilifika darasa la saba lakini nimesoma hayo maneno kutoka barabarani bila miwani.

Kisha Runji akanivuta pembeni. Akasema kwa unyenyekevu kwamba hakuna lori la tani kumi litakaloingia chini ya kitu hiki. Nyuma itazidi. Ukipakia, kichwa kitainuka kama mbuzi anayekula majani ya mti. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema alisema. Nikasema hakusema kwa sauti.

Ednah akaja mbio. "Nani anaoa hapa na sijaalikwa?" Nikamwambia hii ni bodi ya lori. Akauliza lori liko wapi. Nikamwambia siku hizi wanaanza na bodi, kichwa baadaye, ni mtindo wa Japani. Akatoa simu, akapiga picha. Akarudi nyuma, akapiga nyingine, kwa sababu bodi haikuenea kwenye ya kwanza.

Simu ya Gachoki: hakuna. Sijamwambia. Nataka aambiwe na watu, ashtuke vizuri.

Jumapili, 23 Machi

Baada ya kanisa nimepanda juu ya bodi na stuli na chai. Ni mahali pazuri. Unaona barabara mpaka kwenye kona. Unaona mtu yeyote anayekuja. Hakuna aliyekuja.

Honi ya Kathuri ikalia, ikalia. Kabla chai haijapoa ikalia tena, ikitoka.

Halafu Ednah akatokea, bila kejeli, akauliza kama kuna nafasi huko juu. Nikamwambia hii imepimwa kwa chama kizima. Akapanda kwa shida, nikamvuta mkono. Nikamuuliza mbona Kathuri ameondoka haraka. Akasema alikuja kuchukua ndizi, na injini hakuizima. Akasema, "Mama Gachoki, wewe unasikia honi tu. Honi ndiyo ziara yenyewe."

Nikamwekea chai. Ile ya mtu wa pili ilikuwepo.

Tumekaa. Tumesema vibaya kuhusu mke wa mchungaji. Ilikuwa siku njema.

Jioni simu! Gachoki! Ednah alimtumia picha zote mbili, huyo mwanamke, na wala hakuniambia tukinywa chai yangu! Nikajitayarisha kugombezwa. Yeye akaanza kucheka mpaka kwikwi. Beverlyne nyuma akacheka. Na mtoto akacheka kwa sababu wao wanacheka. Adrian! Anacheka na sauti nzito kama ya babu yake.

Halafu Gachoki akatulia. Akasema Jamaldin amemwambia lile jeupe halikununuliwa na mtu wa Ishiara wala wa wapi. Liko pale pale.



Akasema, "Mum, si ungeniambia tu nije?"

Nilimsikia vizuri kabisa. Nikasema halo, halo, mtandao umeharibika.

Akasubiri mtandao utengenezeke, mtoto mzuri. Akasema ngano inaisha Ijumaa, amepewa ruhusa, wanakuja wote watatu. Tutaenda kwa Jamaldin pamoja. Akaniomba nisinunue kitu kingine chochote. Hata kifuniko cha tangi la mafuta.

Usingizi umekataa. Nimetoka na tochi nikafuta vumbi kwenye bodi.

Jumanne, 25 Machi

Nimeyafikiria sana hayo maneno. Ungeniambia tu nije. Maneno mazuri! Ndiyo faida ya kusomesha mtoto. Nimeyaweka moyoni.

Kisha nikampigia Jamaldin asubuhi na mapema. Nikamwambia lile jeupe alifiche nyuma ya ukuta, alifunike turubai, na lile la kiota aliweke mbele getini. Akasema, "Mama, jeupe lina wateja." Nikamwambia mteja ni mimi, lakini nisionekane. Gachoki asimalize kuchagua kwa siku moja. Akikosa lori Jumamosi hii, si itabidi arudi mwezi ujao? Jamaldin akasema ameuza malori miaka mingi lakini mimi ni wa kwanza. Nikamshukuru.

Runji naye nimemwambia akate bodi iwe mbili, moja ndefu na moja fupi. Kuchagua bodi, hiyo ni safari nyingine ya peke yake. Na rangi, nyingine.

Ednah ananisaidia kuponda mukimo wa viazi na mahindi. Amesema Kathuri pia atakuja, na nimemwagiza aje kwa miguu. Sufuria kubwa nimeishusha kutoka juu ya kabati, ilikuwa na mavumbi. Mbuzi amefungwa pale bodi ilipo, anakula kamba. Mchungaji ameuliza tutaombea lori gani. Nimemwambia aombee bodi kwanza, kichwa kitafuata.

Waje! Gachoki, Beverlyne, Adrian wangu wa kupakatwa, kina mama wote wa chama na viti vyao, Ednah na mtoto wake asiye na honi. Nafasi iko. Jumamosi, tarehe ishirini na tisa.