Mnyemeleaji wa Dirishani

Jumatatu, 16 Machi
Ulimwengu na upokee habari hii kwa moyo mkuu: kiti changu kimetekwa. Mama mkwe alikuja kupumzisha miguu siku mbili. Mwezi huo unakatika. Anakaa dirishani, penye mwanga, ninapotengenezea saa. Mimi fundi nimehamia kwenye korido, gizani. Leo skrubu ya saa ya mwalimu mkuu imetumbukia kwenye chai yangu. Nadhani nimeinywa. Anaifuata saa yake Ijumaa. Akiikuta vipande vipande, nimempoteza, na shule nzima pamoja naye. Kumfukuza mkwe siwezi. Adabu! Lakini akifukuzwa na woga, mimi simo.

Jumanne, 17
Mezani nimetangaza, kwa sauti ya msiba, kuwa mtaani kuna mnyemeleaji. Mama mkwe akauliza ndiye mwizi, au nani. Nikafafanua: mwizi huitwa mwizi akishachukua. Mnyemeleaji huja kwa kunyata, hutega sikio, hupima. Huenda asiguse hata kijiko, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Mke wangu akasema kama ni hivyo, jikoni kwake yumo siku nyingi, na anapenda minofu. Mama mkwe akageuka kulitazama dirisha. Dawa inaingia.

Jumatano, 18
Dawa imekataa. Anasema hawezi kumwacha binti yake kwenye hatari, na mwanamume wa kumlinda ndiye huyu. Amesogeza kiti, sasa kimegusa dirisha. Mchi uko mapajani.

Alhamisi, 19
Unatakiwa ushahidi. Mchana, mama mkwe akisinzia, nikainuka kazini. Kitambaa usoni, kofia hadi kwenye nyusi, koti la jirani. Nikazunguka nje kwa kunyata, nikaanza kukwaruza fremu kwa bisibisi. Mikwaruzo safi, ya kifundi. Dirisha likafunguka.

"Mkwe wangu," akasema taratibu, "huyu mnyemeleaji wako naye anatengeneza saa?"

Lenzi ya kutengenezea saa ilikuwa bado jichoni.

Ijumaa, 20
Ukweli ni huu. Hakupiga kelele, wala mchi hakuugusa. Aliniuliza mbona sikusema tu kwamba nataka mwanga. Yeye alidhani nimekimbilia korido kwa haya ya kukaa na mkwe. Akanipisha palepale. Saa imekamilika kwa skrubu nyingine, mwalimu mkuu ameondoka akiitazama kila hatua.

Tatizo, mama mkwe amehamia kwenye kochi langu la usingizi wa mchana. Kumwambia naona haya.

Kesho nitatangaza kuna nyoka.