Bakuli la Baba Mkwe

Jumatatu, 5 Julai 1954
Baridi ya Mbeya inang'ata. Baba mkwe amekonda! Yotamu, mume wangu, kasema mkanda wa mzee umetobolewa tundu jipya, la tatu. Anayempikia nani? Mimi. Na kumtazama siwezi. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana haonani na baba mkwe, hata jina lake hapa siliandiki. Nikisikia kikohozi chake naingia migombani. Leo kisimani Lea, mke wa shemeji, kanisuta mbele ya watu: Mama Anyitike, mzee wetu anaisha kama sabuni! Nimejitwika mtungi nikaondoka. Nimempa Yotamu ampelekee nyama ya kukausha na mahindi ya kuchoma. Chakula cha heshima. Bakuli limerudi jeupe. Ashukuriwe Mungu.

Jumatano, 7 Julai
Siku tatu bakuli jeupe, na mzee anazidi kukonda! Chakula kinakwenda wapi? Minyoo? Kijicho cha Lea? Nimejifunika kaniki kichwa kizima, nikapenya migombani nyuma ya nyumba yake. Uso sikuutazama, Mungu shahidi. Nimeona miguu tu. Myembamba kama mipini ya jembe! Na pembeni mbwa wake, mnene, anang'aa, anatafuna nyama yangu. Nimejikwaa kisiki. Nimerudi kwa magoti.

Ijumaa, 9 Julai
Mbwa nimemfunga nyuma ya jiko langu. Bakuli limerudi limejaa. Hata punje moja haikuguswa! Basi, nikawaza, tunazika. Nimelia mpaka Anyitike, kitindamimba wangu, akalia naye. Yotamu akashangaa: kwani hujui? Baba hana meno tangu masika. Nikamuuliza mbona hamkuniambia. Akasema Baba alikataza. Chakula cha mkamwana hakirudishwi, atafedheheka, ndiyo maana anampa mbwa.
Alishinda na njaa ili mimi nisione aibu! Nimelia tena. Kilio kingine hicho.

Jumamosi, 10 Julai
Ndizi za kuponda na maziwa. Maharage laini kama uji, yai ndani. Bakuli limerudi tupu, na mbwa bado kafungwa! Jioni mzee kakohoa kwa nguvu, kikohozi cha mtu aliyeshiba. Lea kaja kuuliza ninapondaje. Nimemwambia kwa mkono.

Jumapili, 11 Julai
Kanisani sikusikia neno, nilikuwa nawaza. Yotamu kaleta salamu: Baba anashukuru sana, ndizi hizo hizo zinamtosha, nisibadilishe kitu.
Nisibadilishe? Mtu mzima ale vya kulainisha siku zote, nguvu atoe wapi? Mbona Anyitike naye hakuwa na meno. Nilimpa mfupa autafune, yakaota manne. Yotamu simwambii, atakataa. Kesho natia mfupa mmoja chini ya ndizi. Mdogo tu.
Mbwa nimemfungua. Hakwenda kwao. Amejilaza mlangoni pa jiko, anangoja.