Dawa ya Milango

Mtu mzima na akili zake alikuwa anaupiga teke la tatu mlango wa nyumba yake mwenyewe, na mlango hata haumjali. Hapo ndipo yule aliyejiita Daktari aliposimama, akafunga mwavuli na kutabasamu. Mvua ilikuwa imenyesha mwezi mzima, mbao zimekunywa maji zikavimba, na mji mzima ulikuwa unaingia nyumbani kwa kusukuma bega. Redio ilikuwa imesema zimebaki siku chache, jua linarudi. Jua likirudi, mbao hukauka na mlango hujifungukia wenyewe, bila kumwomba mtu ruhusa. Hilo analijua kila aliyewahi kuishi na mlango, ila mtu mwenye haraka hajui kitu.

"Mzee wangu, usiupige," alisema kwa huruma. "Huo unaumwa."

Mpiga teke alikuwa mwenye nyumba wa vyumba kumi, bahili ambaye alishachomoa hata taa ya bafu ili wapangaji wasikawie bafuni. Aliitazama chupa ya Daktari: maji ya bomba, wino wa bluu, na kafuri kidogo ya kunukia.

"Bei gani?"

"Leo hulipi hata senti. Paka, subiri. Mlango ukifunguka kwa kidole kimoja, ndipo unilipe. Usipofunguka, nitukane mbele za watu."

Bahili alisikia "hulipi" na masikio yakaziba hapo hapo. Alichukua chupa kumi, huku akiwaza atakavyowatoza wapangaji mara mbili. Majirani nao wakapanga foleni kwenye matope, kila mmoja akiogopa mwenzake asitangulie kupona.

"Si bora seremala?" mmoja aliuliza.

"Wachinjaji wale! Mlango mgonjwa, wao wanaukata nyama."

Seremala wa kibanda cha jirani, ambaye hakuwa amepata mteja tangu Daktari aingie mjini, aliyasikia yote. Aliendelea kunoa randa yake.

Sasa tuje kwenye aibu. Chumba alichopanga Daktari nacho kilikuwa na mlango wa mbao, nao ulikuwa umevimba kama mingine. Asubuhi moja wateja wawili walimkuta akiusukuma kwa makalio. Akawaambia anaupima joto. Katika mji ule wote ni yeye peke yake aliyejua kwamba siku nne za kusubiri zingetosha, lakini majivuno yalimzidi. Mchana, watu walipokwenda kula, alimnyemelea seremala.

"Fundi, njoo unipigie randa kimyakimya."

"Na dawa yako je, Daktari?"

"Ile ni ya wateja."

"Nipunguze kiasi gani?"

"Usiuonee huruma. Nataka uteleze."

Fundi mwenye utu angemwambia asubiri jua. Huyu alisema, "Sawa, bosi," akaupiga randa ubavu mzima huku anapiga mluzi, kisha akayazoa maranda yote na kuyatia mfukoni. Daktari alidhani ni usafi.

Jua likatoka. Milango ikafunguka kwa kidole, mtaa ukaushangilia ujinga wake, na Daktari akapita nyumba hadi nyumba akivuna. Siku ya sita mkoba ulikuwa umenona. Basi lake lilikuwa la saa nane mchana, na alibakiza bahili peke yake. Mwenye akili angemsamehe. Daktari aliusukuma mkoba chini ya kitanda, akafunga mlango, akazungusha ufunguo mara mbili. Kliki, kliki. Hakuinama kuangalia. Mlango uliochongwa ukiwa umevimba sasa ulikuwa umekauka na kusinyaa, na ulimi wa kitasa ulitoka ukaishia hewani, haukulifikia tundu la fremu.

Bahili hakuwepo. Daktari aliporudi, alikuta mlango wake unachezacheza na upepo. Chini ya kitanda, pale pa mkoba, palikuwa na kirundo cha maranda, kimepangwa kwa heshima zote. Alikaa sakafuni akalia machozi ya kweli, pengine ya kwanza tangu utotoni. Polisi angewaambia ameibiwa nini, na alikipata wapi?

Bahili akaingia anahema. Hakuhitaji kubisha.

"Nilikuwa stendi, nimemsindikiza seremala. Kapanda basi la saa nane na mkoba kama wako, anacheka peke yake! Sasa sikiliza, Daktari. Milango yangu imelegea, haifungi, wapangaji wanaibiwa hata ndoo. Unayo dawa ya kuvimbisha?"

Daktari alijipapasa mifukoni. Hata nauli hakuwa nayo.

"Ipo," alisema.

"Basi masharti ni yale yale. Mlango ukibana, nakulipa, na za zile chupa kumi humo humo."

Daktari alichungulia nje. Mbinguni hapakuwa na wingu hata moja, na redio ya jirani ilikuwa inatangaza kwamba mvua nyingine ni baada ya miezi sita.